Ushauri: Firefox ya Ubuntu inachelewa sana kufunguka, niweke brauza gani?

dada_steshenari: Habari zenu wakuu. Nina desktop hapa ofisini, ram 4 na hadidiski ya zamani sio SSD, kijana mmoja aliniwekea Ubuntu 22.04 sababu Windows ilikuwa inajaa virusi vya flashi za wateja. Virusi kweli sivisikii tena ila hii Firefox iliyokuja nayo, asubuhi ukiibonyeza unaweza kumtolea mtu fotokopi ukampa na chenji ndo dirisha linatokea, ikishafunguka mara ya kwanza inakuwa afadhali. Halafu kuna kitu kinakula bando kimyakimya. Nikaweka brauza ya Chromium kwa apt (komandi ya Ubuntu ya kuwekea programu), nayo ni yaleyale. Niweke ipi na naiwekaje? Terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, naiogopa ila kukopi na kupesti naweza.

fundi_wa_mtaa: Weka Chrome dada umalize kazi. Nenda saiti ya Google shusha faili la .deb (faili la kuwekea programu kwenye Ubuntu), ingia folda ya Downloads, bonyeza kulia ufungue terminali humohumo, pesti hii:

sudo apt install ./google-chrome-stable_current_amd64.deb

Hiyo ./ usiiache maana apt itaenda kutafuta mtandaoni badala ya kuchukua faili lako. Paswedi ukiandika huoni kitu hata nyota, we andika piga enta. Mwishoni ikileta mstari wenye neno unsandboxed usishtuke, imeingia hiyo. Apdeti zake zitakuwa zinakuja pamoja na za mfumo.

babu_terminali: Fundi umemjibu ila hujamwambia ugonjwa. Dada, kwenye Ubuntu 22.04 yako Firefox inakuja kama snap, yaani programu nzima imebanwa ndani ya faili moja, na hadidiski ya kuzunguka inapata tabu kulisoma kila ukiwasha mashine. Chromium ndo ilianza mapema zaidi, tangu Ubuntu 19.10, ile apt inakuletea snap kwa mlango wa nyuma, ndo maana hukuona tofauti. Kama Firefox umeizoea baki nayo ila chukua ya Mozilla wenyewe, tangu 2024 wana hazina yao ya apt, yaani stoo ya mtandaoni ambayo apt inachukua programu (packages.mozilla.org), komandi zote zipo kwenye kurasa zao za msaada, unapesti moja moja. Wengi wanaishia kuongeza hazina tu halafu Ubuntu inawarudishia snap ileile. Lazima utengeneze na faili /etc/apt/preferences.d/mozilla lenye mistari hii mitatu, ya kuiambia apt itangulize hazina ya Mozilla:

Package: *
Pin: origin packages.mozilla.org
Pin-Priority: 1000

Ndo upige sudo apt update && sudo apt install firefox

kijana_wa_mint: Hamia Linux Mint, mfumo ndugu na Ubuntu, snap wameifungia tangu Mint 20

fundi_wa_mtaa: @kijana_wa_mint mtu ana wateja mlangoni unamwambia afomati 😂

bando_kwanza: Hilo la bando ni snap hiyohiyo, inachungulia apdeti mara nne kwa siku na ikikuta inashusha bila kukuuliza. Piga sudo snap refresh --hold itatulia, halafu siku ukiwa na intaneti ya kueleweka unapiga sudo snap refresh mwenyewe.

babu_terminali: Sawa ila asisahau, brauza isiyoapdetiwa kwenye mashine ya kuhudumia watu ni hatari kuliko hata hizo flashi.

dada_steshenari: Asanteni, nimefuata ya babu. Iliniambia inarudi vesheni ya chini nikaogopa kidogo nikakubali, sasa inafunguka haraka kweli. Ila bookmarks zangu zote (saiti nilizohifadhi) hazipo!!

babu_terminali: Hazijapotea. Ile ya snap imepewa namba ya vesheni kubwa ya uongo, 1:1snap1, ndo maana apt inaona kama unarudi nyuma. Bookmarks zipo ndani ya ~/snap/firefox/common. Funga Firefox zote, andika /snap/bin/firefox itafunguka ile ya zamani, Ctrl+Shift+O, nenda kwenye Import and Backup uzitoe kama faili la HTML. Ifunge, fungua mpya uziingize palepale. Ukishaziona kwa macho yako ndo upige sudo snap remove firefox, na Chromium vilevile kama huitaki.

fundi_wa_mtaa: Na mteja akitaka kuingia emaili yake mfungulie dirisha la faragha, Ctrl+Shift+P, wengi wanaondoka bila kulogauti.

dada_steshenari: Zimerudi zote 🙏 Chromium naitoa jioni nikifunga.