Seva ina kebo mbili, swichi mbili, lakini kebo moja imelala tu

BintiUyole:
Wakuu, habari za jioni. Nahudumia mtandao wa ofisi moja hapa Mbeya, si mbali na Kabwe. Tuna seva moja ya Linux, ndiyo imebeba hesabu zote na kamera. Mvua za Machi zilikuja na radi ikaua swichi ya mtandao (kile kifaa kinachounganisha kompyuta zote), ofisi nzima ikakaa siku mbili inaandika risiti kwa mkono. Bosi akasema sasa nunua mbili. Nimenunua mbili zinazofanana, poti 24, gigabiti 1 kila poti, na zenyewe nimeziunganisha kwa kebo moja.

Kebo ya kwanza ya seva nimechomeka swichi A, ya pili swichi B, halafu kwenye seva nikazifunga pamoja kwa LACP, utaratibu wa kufanya kebo kadhaa zitumike kama moja. Nilitegemea gigabiti 2, na swichi moja ikifa nyingine ibebe. Taa zote zinawaka kijani ila kebo ya B haipitishi kitu. Nimefungua /proc/net/bonding/bond0, faili linaloonyesha hali ya fungu: kebo moja ina Aggregator ID (namba ya fungu) 1, nyingine 2. Nikajaribu balance-rr, ile ya kebo kupokezana pakiti (vipande vya data) moja moja, ndipo mtandao ukawa kichaa kabisa. Logi za swichi zinalia kwamba MAC ileile (anwani ya kifaa cha mtandao) inahama poti kila sekunde. Nimerudisha LACP. Nimekosea wapi?

MzeeWaKitonga:
Kamwene kutoka Iringa, mwanangu. Kebo zako ziko sawa. Shida ni kwamba ukichungulia, kwa kila kebo, mstari wa system mac address chini ya "details partner lacp pdu" (yaani anayeitikia upande wa pili), utakuta majina mawili tofauti.

LACP ni kubisha hodi. Kila upande unajitambulisha kwa namba yake, na ndani ya namba hiyo kuna MAC. Seva yako imebisha milango miwili, wakaitikia watu wawili. Kiwango hiki (kilitoka mwaka 2000 kama 802.3ad, 2008 kikahamia 802.1AX) kinataka kebo za fungu moja ziishie kwa mtu mmoja. Kwa hiyo seva ikatengeneza mafungu mawili, ikatumia moja. Imekutendea haki. Ile balance-rr haibishi hodi, inamwaga tu pakiti kotekote, ndiyo maana A na B zikaanza kugombania MAC.

Unachokitaka ni MLAG. Cisco kwenye swichi zao za Nexus wanaiita vPC. Swichi mbili zinakubaliana kuitikia jina moja: kila moja inabaki na akili yake, lakini seva ikibisha inasikia mtu mmoja. Uongo huo hausimami wenyewe. Lazima kuwe na kiungo kati yao cha kupashana habari za MAC na kupitisha mzigo wa dharura, na hicho usikiwekee kebo moja, weka mbili. VLAN nazo (migawanyo ya mtandao ndani ya swichi) zilingane pande zote, la sivyo utatafuta mchawi wiki nzima.

Kuhusu gigabiti 2, punguza matarajio. Swichi na seva hupiga hesabu kwa anwani za anayetuma na anayepokea, kisha mazungumzo yote hayo yanapita kebo moja ili pakiti zisipishane njiani. Ni kama viazi vya mteja mmoja kupakiwa lori moja kwenda Dar. Ukiwa na malori mawili utahudumia wateja wengi zaidi, ila huyo mmoja mzigo wake haushuki Kitonga haraka zaidi. Ukinakili faili moja kubwa utaona gigabiti 1 ileile.

NjombeBaridi:
Mzee kamaliza, mimi naongeza kidonda changu. Swichi za MLAG huwa pia na njia ya pembeni ya kuulizana "upo hai?". Mimi niliipitisha kwenye bomba moja na kiungo kikuu. Fundi umeme akatoboa ukuta, zote mbili zikakatika. Kila swichi ikaamini mwenzake kafa, ikajifanya bosi. Nusu ya kompyuta zinaona seva, nusu hazioni, na ukizima moja zinabadilishana! Ingekatika ile kuu peke yake, swichi ya pili ingesikia mwenzake yu hai, ikafunga poti zake za mafungu kwa adabu. Pitisha njia hizo mbali mbali.

Kebo_Moja:
Dada, kabla hujaingia gharama: swichi za bei hiyo nyingi hazina MLAG. Ofisi yako inahitaji kasi au inahitaji isife? Kama ni isife, weka bond (lile fungu la kebo kwenye seva) iwe active-backup. Kebo moja inafanya kazi, ya pili inasubiri, na swichi hazihitaji kujua lolote.

BintiUyole:
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimepekua menyu yote, MLAG hakuna. Nimeweka active-backup, nikaacha ping (jaribio la kuuliza seva na kusubiri jibu) inaendelea, nikachomoa kebo ya A. Jibu moja likapotea, la pili likarudi. Nikaichomeka, nikachomoa ya B, ping haikutikisika.

Nikataka kujaribu la mwisho, kuizima kabisa swichi A. Nikaingiza mkono nyuma ya kabati, nikafuata waya wake wa umeme mpaka chini. Zote mbili, A na B, ziko kwenye ekstensheni moja, na seva iko hapohapo pembeni. Kesho asubuhi natafuta UPS (betri ya dharura ya umeme) ya pili Mwanjelwa kabla bosi hajaingia.