Naomba ushauri: kumtembeza mama Serampore na bustani ya Shibpur

Wanajamvi, salaam. Nasoma Kolkata, na mama anakuja kunitembelea. Anapenda majengo ya kale na miti, lakini magoti yanamsumbua, ngazi ndefu hawezi.

Nataka tuanzie Serampore, mji mdogo wa viwanda vya juti (ndiyo, ya magunia) kando ya mto Hooghly. Wadenmark waliushika tangu 1755 hadi 1845, na kanisa lao la Mt. Olav bado lipo, pamoja na chuo alichoanzisha mmisionari William Carey na wenzake mwaka 1818. Treni ileile ya kutoka Howrah, stesheni kubwa iliyo ng'ambo ya mto kutoka Kolkata, inaendelea hadi Chandannagar, iliyokuwa ya Wafaransa, kisha mji wa Hooghly kwenye Imambara (jengo la ibada la Waislamu wa Kishia) yenye mnara wa saa.

Wenzangu hosteli wanasema tukodi teksi kutwa nzima. Nimeulizia bei, nikanyamaza. Treni ni rahisi mno, ila mabehewa yanavyojaa mnayajua, na mama hawezi kusimama muda mrefu.

Tukitoka Howrah asubuhi, wakati umati unaingia mjini, tutapata viti kweli? Na je, bustani ya mimea ya Shibpur niiwekee siku yake? Ni ya mwaka 1787 na ni kubwa sana; mama anautaka ule mbanyani wenye mizizi ya hewani inayoshuka hadi ardhini na kuwa kama msitu. Kutoka getini hadi kwenye mti huo, kuna usafiri wa ndani kwa asiyeweza kutembea?

Aliyewahi kwenda na mzee anisaidie tafadhali.