Tupeane uzoefu: Habari ya msiba ilikufikiaje, kwa mtu au kwa kundi la WhatsApp la ukoo?

Ndugu wanachama, salaam kutoka Tukuyu.

Nilipokuwa mtoto, habari ya kifo ililetwa na mtu. Mjumbe alipokewa, akaketi, akaulizwa hali za huko atokako, kisha mzee mmoja wa nyumbani akaitwa pembeni aambiwe kwanza, nasi watoto tukawa tumekwisha kuyasoma yote kwenye nyuso zao kabla neno halijatamkwa. Mwaka juzi nilijua kifo cha mama yangu mdogo nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, debe la mahindi miguuni, simu ikitetema mfululizo. Ujumbe wa kwanza kuuona ulikuwa picha ya mshumaa na neno "Poleni". Nilirudi nyuma ujumbe 31 nikitafuta jina la marehemu. Aliyeitangaza habari hiyo ni mjukuu wa miaka 19, wakati mjomba wetu, kaka yake marehemu, alikuwa ndani ya basi akija kumwuguza dada yake na hakuwa amepigiwa simu na mtu yeyote.

Naomba kila mmoja asimulie yaliyompata mwenyewe.

Mchangiaji wa Makete

Mwenzangu, mimi nalishukuru kundi la WhatsApp. Babu yangu alipofariki, baba alikuwa Dar es Salaam, na barua ilimfikia wakati kaburi limekwisha kuota majani. Baba mwenyewe alipofariki, sisi watoto wake tulikuwa tumetawanyika kwa biashara, kama ilivyo kawaida yetu Wakinga: Kariakoo, Tunduma, na mmoja Lusaka. Kabla jua halijazama gari lilikuwa limepatikana na michango imefika kwa mwekahazina. Yule wa Lusaka aliyaona mazishi kwa video, ingawa ilibidi kijana mmoja asimame juu ya kichuguu, mkono hewani, kwa kuwa makaburini kwetu mtandao ni wa kubahatisha.

Mchangiaji wa Uyole

Sisi tulifiwa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo intaneti ilizorota nchini. Nilidhani bando limekwisha, nikanunua jingine. Baadaye tulielezwa kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Huku Mbeya tuko mbali na bahari, lakini Mkongo wa Taifa, yaani mtandao wa nyaya za mawasiliano unaotuunganisha na pwani, hukabidhi mawasiliano yetu kwa nyaya kama hizo. Simu za kawaida ziliendelea kupatikana, kwa hiyo tulichukua daftari tukaandika majina ya wanaukoo na kuwapigia mmoja mmoja. Hapo ndipo tulipogundua kwamba baba mkubwa wa Chimala, anayetumia kitochi, hakuwahi kuwamo kundini. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukimlaumu kwamba hachangii wala hafiki misibani, na kumbe hakuna aliyemwambia. Nilipompigia alisema tu, "Leo mmenikumbuka, mwanangu." Sikupata la kujibu.

Mchangiaji wa Iringa

Jihadharini na namba za rambirambi. Tapeli aliichukua picha ya marehemu wetu akaisambaza pamoja na namba yake, nami nikatuma shilingi 50,000 bila kusoma jina lililotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Sasa humpigia mwekahazina nisikie sauti yake kwanza. Ujumbe wa kitapeli huutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Mchangiaji wa Mafinga

Samahani, mwanzisha mada: yule mjomba aliyekuwa kwenye basi aliambiwa na nani?

Mwanzisha mada

Simu yake ilikuwa imezimika chaji tangu Iringa. Basi liliposimama Makambako abiria wale chakula, mkwe wetu mmoja, aliyekuwa kwenye basi jingine na ambaye yumo kundini, alimfuata akampa pole akidhani anajua. Mjomba alimwuliza, "Pole ya nini?" Mkononi alikuwa na mfuko wa vitunguu alivyomnunulia dada yake pale Ilula. Hakuvitupa wala hakumpa mtu. Alifika navyo hadi Tukuyu, akawakabidhi kina mama waliokuwa jikoni, na vikapikiwa waombolezaji usiku uleule.