Pasi imekwama, na Jumamosi ni safari ya Karen

Mama Kendi, Njiro:
Wakenya wenzangu, hamjambo. Pasi yangu ya kusafiria ina wiki ya tatu kwenye ofisi moja hapa Arusha, nabadilisha Klasi B, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi Tanzania. Kila nikienda, "njoo Alhamisi". Leo karani amefungua droo, akaitazama pasi yangu, akafunga droo. Watoto nimewaahidi Jumamosi nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, iliyo makumbusho kule Karen, Nairobi. Nikivuka mpaka wa Namanga kwa TP, hati ya muda ya kusafiria, nitarudije na Klasi B iko drooni?

Baba Timo, Sakina:
Pole. Mimi mwaka jana nilikaa miezi miwili na risiti tu. Usisahau kadi ya njano.

Mzee wa Soweto, Moshi:
Kadi ipi? Unapotosha watu. Kuna ya chanjo, kuna ya COMESA.

Baba Timo:
Ya COMESA, mzee, bima ya gari. Nani hajui?

Mzee wa Soweto:
Mimi, na nimeanza kuvuka kabla hujazaliwa. Tena nyumba hiyo haikujengwa na Blixen. Ni ya 1912, kazi ya Msweden. Mama huyo alihamia 1917. Akahangaika na kahawa mpaka 1931, shamba likamfilisi. Kule ni juu mno, karibu mita 1,800. Mtoto wa Kibosho, huku kwa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, angemwambia bure.

Mama Shiro, Kijenge:
Sisi tulienda Desemba. Wangu walipita vyumbani mbio, wakaenda kuparamia mtambo wa kahawa ulioshika kutu huko nje. Mimi nilikaa kwenye majani nikitazama Ngong, vile vilima kama ngumi iliyolazwa. Machozi yakanitoka. Meru ni mlima mzuri, lakini haukunilea.

Baba Timo:
Uwalilie na Wakikuyu waliokuwa wakilima pale. Shamba liliuzwa, likakatwa viwanja vya eka 20, wao wakahamishiwa Dagoretti.

Mzee wa Soweto:
Halafu uhuru ulipokuja, Denmark ikainunua nyumba na kuipa Kenya kama zawadi. Zawadi, kwenye ardhi yetu!

Baba Timo:
Leo tumekubaliana, mzee. Andika tarehe.

Mama Kendi:
Asanteni kwa historia. Na TP je?

Mama Shiro:
Ukivuka, dada, niletee majani ya chai ya Kericho, pakiti mbili kubwa. Haya ya dukani kwetu hata maziwa hayabadiliki rangi.

Baba Timo:
Na mimi tatu.