Nimeomba faili la marejeo, nimeletewa KIDOLE GUMBA

Wakuu, nimefura hapa hata kibodi inaniogopa. Jina silitaji, wenyewe mnamjua. Yule wa "tuandike pamoja".

Nimemwomba faili la marejeo. Nikamwambia BibTeX au RIS, yale mafaili ambayo programu inayasoma na kupanga marejeo yenyewe, hata kama ni la mwaka 47 nitalipokea. Kaleta PDF. Naifungua: kumbe amechapisha orodha kwenye karatasi, akaipiga picha, akazifunga picha pamoja. Rejeo la tatu limefunikwa na kidole gumba chake! Namuuliza, ananijibu: "Si ni yale yale?"

Yale yale! Marejeo 300 na ushee, nikae nichape jina, mwaka, juzuu, kurasa, kisa bwana hakuona kitufe cha kuhamisha. RIS ni maandishi matupu, kila rejeo lina alama ya TY juu, ER chini, ukilifungua kwa Notepad unalisoma kama barua. Yeye ananiletea kidole. Kina na kucha ndefu! "Si ni yale yale?"

MabanoMawili: Pole mkuu. Ila si wewe uliyetuletea BibTeX yenye Shirika la Afya Duniani bila mabano ya pili ya kuonyesha ni taasisi si mtu, orodha ikatoka "S. la Afya Duniani"? Nimemtafuta huyo S. siku mbili nimwandikie barua pepe.

Mleta uzi: Hilo halihusiani. Naongelea KIDOLE.

chapchap: 😂😂 Mpe haki yake, kidole ni mwandishi mwenza.

Seli_B7: Afadhali yenu. Wangu aliipitisha CSV, orodha ya maandishi yaliyotenganishwa kwa koma, kwenye Excel, akahifadhi, ISBN zikageuka 9.78E+12. Vitabu 80, namba moja.

MkutubiMstaafu: Mnadeka. Sisi wa maktaba tuko na MARC, muundo wa rekodi za vitabu, tangu miaka ya 1960. Rekodi haivuki baiti 99,999 kwa sababu urefu wake umetengewa tarakimu tano tu, na hatukulia.

Seli_B7: Mzee, wewe ulikuwa unalipwa.

juzi_tu: Samahani kuingilia. Nimetenganisha waandishi kwa "na" badala ya "and", BibTeX imewafanya wawili mtu mmoja. Nifanyeje?

MabanoMawili: Wapelekee zawadi ya harusi.

chapchap: Mimi niliweka koma tu, ikanitukana kwamba koma zimezidi kwenye jina.

MkutubiMstaafu: Koma! Ngoja niwasimulie kuhusu nukta mkato.

Mleta uzi: Jamani, kidole je?

juzi_tu: Kidole kipi?