Kigogota wa rangi ya chai ya maziwa uani kwangu: ni mgonjwa au ni aina nyingine?

Binti Tanga (Columbus, Ohio), 9 Julai
Wapendwa, shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Nina kikapu cha waya nimekitundika kwenye mwaloni nyuma ya nyumba, ndani naweka mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa na karanga. Wanaokuja zaidi ni vigogota wale wadogo weusi kwa weupe, ambao huku wanaitwa Downy. Nimewazoea hadi najua nani anakuja saa ngapi.

Tangu wiki iliyopita kuna mmoja ambaye pale wenzake walipo weusi, yeye ni chai ya maziwa. Mabawa, mgongo, hata ule mstari unaopita jichoni. Tumbo ni jeupe kama la wenzake, na kisogoni ana wekundu wake. Wa pili weusi wake ni kamili, ila wekundu uko utosini badala ya kisogoni. Wa tatu tumbo limekuwa kahawia, chafuchafu.

Jirani kaniambia yule wa chai ana maradhi, nishushe kikapu asije akawaambukiza wengine. Nimekishusha jana jioni. Leo alfajiri nimemkuta kwenye tawi lilelile, anazunguka, anagonga gome, anarudi pale kikapu kilipokuwa. Roho imeniuma. Nifanyeje?

Mlimani_Arusha
Pole dada. Huyo ni albino tu, si mgonjwa. Kama anakubali kushikwa, mfuge ndani, paka watamwona haraka na rangi hiyo.

Nyuki77
Tafadhali usimshike! Huko Marekani kuna sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na vigogota wamo. Kumkamata au kumfuga bila kibali ni kosa. Na hawezi kuwa albino, maana kisogo bado ni chekundu.

Babu wa Darubini (Minnesota)
Nyuki, sheria umesema sawasawa, ila kwenye kisogo nikurekebishe kidogo. Weusi wa manyoya unatokana na melanini, ambayo mwili wa ndege huitengeneza wenyewe. Wekundu wa kigogota unatokana na karotenoidi, na asili yake ni chakula. Ndege anaweza kukosa melanini yote akabaki na kisogo chekundu. Kwa hiyo wekundu haukatai ualbino. Macho ndiyo yanayosema.

Binti yangu, mtazame jicho. Likiwa la waridi, ni albino. Likiwa jeusi, huyo ana melanini, ila imepungua kwenye manyoya. Amezaliwa hivyo, na rangi ya kuzaliwa haiambukizi mtu.

Kabla ya hapo lakini, hakikisha ni Downy kweli. Rangi ikishaharibika usiitegemee, shika umbo. Downy ana sentimita 15 hadi 17 na mdomo mfupi, kama kijiti kilichovunjwa. Kuna binamu yake anaitwa Hairy, mkubwa zaidi, mdomo wake unakaribia urefu wa kichwa. Tazama pia manyoya ya pembeni mwa mkia: Downy ana vidoa vyeusi kwenye ule weupe, Hairy kwa kawaida ni safi. Kwa huyo wako vidoa vitakuwa vya kahawia.

Wa pili asikusumbue, ni kinda wa mwaka huu. Makinda wengi huwa na wekundu utosini, na wakibadilisha manyoya madume huupata kisogoni.

Binti Tanga
Babu, shikamoo na asante. Nimekaa dirishani saa nzima na darubini ya mume wangu. Jicho ni jeusi tii. Mdomo mfupi. Alipofungua mkia kujiegemeza kwenye gome niliviona vidoa, vitatu upande mmoja, rangi ya mdalasini. Na yule wa tumbo chafu?

Mama Rehema (Dallas)
Shoga, mimi nadhani huyo ni mafuta yako. Joto la Julai linayayeyusha, yanachuruzika, ndege anajipaka tumboni. Yananuka pia, huharibika. Mimi kuanzia Juni naweka karanga tupu na mbegu za alizeti.

Babu wa Darubini (Minnesota)
Marahaba binti yangu. Mama Rehema ana hoja. Inaweza pia kuwa utomvu na maji ya gome, maana wanashinda wamejibana kwenye miti. Hayo ni madoa, yataondoka manyoya mapya yakiota kati ya sasa na vuli. Ukitaka kumjua ndege mgonjwa, tafuta aliyejitutumua manyoya mchana kweupe, hasogei, au macho yamevimba na kuziba. Huyo ukimwona ndipo ushushe vyote kwa siku kadhaa. La sivyo, osha kikapu kila baada ya wiki mbili: sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe (bleach) kwa sehemu tisa za maji, suuza, kikauke kabisa.

Nyuki77
Nimejifunza, Babu, asante. Dada, kama unatumia programu ya Merlin kutambua ndege, ndege wa rangi kama hiyo inaweza ikamkosea jina.

Binti Tanga, 21 Oktoba
Naleta mrejesho. Nilikirudisha kikapu siku ileile, na karanga tupu. Wa tumbo chafu sasa simtambui tena, wote ni weupe. Wa chai alipotea karibu mwezi mzima mwishoni mwa kiangazi, nikakata tamaa. Jumamosi karudi na manyoya mapya, laini, na rangi ni ileile ya chai, imekolea zaidi kidogo. Julai ncha za mabawa zilikuwa zimelika kama ufagio wa zamani, sasa zimenyooka. Jirani nimempa darubini aangalie mwenyewe. Jana kaja na mfuko wa alizeti.