Pluto: nani ana haki ya kuamua sayari ni nini?

Mleta mada

Wadau, mjadala wa Pluto ukianza tu, hachelewi kutokea mtu akasema wataalamu walishapiga kura, basi yameisha. Mimi hiyo kura ndiyo inayoniuma.

Tarehe 24 Agosti 2006, siku ya mwisho ya mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mjini Prague, waliobaki ukumbini waliinua kadi. Idadi ya wapiga kura inayotajwa ni 424, katika chama chenye wanachama maelfu. Siku hiyo sayari zikawa nane. Pluto, iliyohesabiwa ya tisa tangu Clyde Tombaugh aione kwenye picha za darubini Februari 1930, ikaitwa sayari kibete.

Masharti waliyopitisha ni matatu: kitu kilizunguke jua, kiwe kizito kiasi cha mvutano wake wenyewe kukifanya kuwa mviringo, na kiwe kimesafisha njia yake, yaani kimeondoa vitu vingine vinavyokaribiana nacho kwa ukubwa. Pluto inatimiza mawili ya kwanza. Inakwama kwenye la tatu, na hilo la tatu mimi nalikataa kabisa. Linauliza kitu kina majirani gani badala ya kuuliza kitu chenyewe ni nini. Ichukueni Dunia muiweke kule iliko Pluto, ambako mzunguko mmoja wa jua huchukua miaka 248. Eneo ni pana mno na mwendo ni wa polepole mno, kulisafisha kungekuwa kazi ngumu zaidi hata kwa Dunia. Na kama ingeshindwa, ingeacha kuwa sayari kwa sababu tu imehamishwa?

Na kumbukeni tulichokiona tarehe 14 Julai 2015 chombo cha New Horizons kilipopita karibu nayo. Tambarare kubwa ya barafu ya naitrojeni ambayo bado inajigeuza taratibu, milima ya barafu ya maji yenye kimo cha maelfu ya mita, tabaka za ukungu angani mwake, miezi mitano ikiizunguka. Ukinionyesha mahali kama hapo sina neno jingine la kupaita ila sayari.

Mchangiaji 1

Mkuu, kuhusu kura tuko pamoja. Kuhusu Pluto hatuko pamoja.

Kama umbo na mandhari vinatosha, basi Mwezi wetu nao ni sayari, maana kipenyo chake ni kilomita 3,474 na cha Pluto ni 2,377. Ganymede inayozunguka Mshtarii na Titan inayozunguka Zohali zote mbili zinaizidi Utaridi kwa ukubwa. Uko tayari kuzipokea?

Halafu hili si jambo jipya. Ceres ilipogunduliwa mwaka 1801 iliitwa sayari, ikakaa na hadhi hiyo kwa miongo kadhaa. Vilipozidi kuonekana vitu vingine katika ukanda ule ule kati ya Mirihi na Mshtarii, ikaondolewa kwenye orodha. Pluto imepita njia hiyo hiyo: mwaka 1992 kikaonekana kitu kingine ng'ambo ya Neptuni, vikafuata mamia, na mwaka 2005 ikatangazwa Eris, ambayo ni nzito kuliko Pluto. Baada ya Eris ilibidi ama tuongeze ama tupunguze.

Mchangiaji 2

Naongeza upande wa siasa. Mwaka 2007 wabunge wa jimbo la New Mexico, Marekani, walipitisha azimio la kuitambua Pluto kuwa sayari. Seneti ya Illinois ikafuata 2009. Mwaka 2024 Arizona ikaifanya sayari rasmi ya jimbo. Tombaugh alizaliwa Illinois, akaigundua Pluto akiwa Arizona, akafundisha New Mexico. Kila jimbo linamlinda mtu wake.

Na mapenzi ya watu yana mizizi mirefu. Jina lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney. Mwaka 1931 mbwa wa katuni za Disney naye akaitwa Pluto. Watoto wengi wanamjua mbwa kabla ya kuijua sayari. Sasa nauliza: wabunge wakiinua mikono na wanaastronomia wakiinua kadi, kuna tofauti gani?

Mleta mada

Tofauti ipo, ndugu. Wanaastronomia walitoa vigezo ambavyo mimi na wewe tunaweza kuvipinga hapa. Wabunge walitoa heshima tu. Ila vyote viwili ni kura, na Ceres haikupigiwa kura. Iliondoka taratibu, kadiri waandishi wa vitabu walivyoona kuiita sayari hakuwasaidii tena. Na Pluto nayo ingeachwa hivyo. Neno "bara" mbona halina kura? Wengine wanahesabu saba, wengine sita, wengine matano, na kazi ya jiografia inaendelea.

Kuhusu Titan na Ganymede: ndiyo, nazipokea. Eris pia. Orodha ikirefuka, mwanafunzi asikariri majina, ajifunze makundi.

Mchangiaji 1

Basi chukua hili la makundi, kwa sababu linakugeuka. Mwaka 2000 Alan Stern, huyu huyu kiongozi wa New Horizons na mtetezi mkubwa wa Pluto, pamoja na Harold Levison, walitoa hesabu ya kupima nguvu ya kitu kusafisha njia yake. Zile nane zikaangukia upande mmoja, Pluto na Ceres upande mwingine, na katikati kuna pengo kubwa mno. Sharti la tatu unalolikataa linaeleza kitu halisi kuhusu jinsi mfumo wa jua ulivyojengeka.

Mleta mada

Pengo lipo, sikatai, na nimekosea kulikataa sharti hilo kabisa. Lakini soma walivyoligawa wenyewe. Makundi yote mawili waliyaita sayari.